Joto Linavyozifichua Nyufa Zilizofunikwa na Ardhi

Ufa wa kijiolojia ni mahali ambapo mwamba umekatika, kisha pande zake mbili zikasogea: upande mmoja umeshuka, umepanda au umeteleza kando ya mwenzake. Mpasuko wa udongo wa mfinyanzi wakati wa kiangazi si ufa wa aina hii, kwani huishia kina kifupi na hujifunga mvua zinaponyesha. Ufa wa kijiolojia hushuka kilomita nyingi chini na huweza kuambaa juu ya nchi kwa makumi ya kilomita. Nyufa za namna hiyo, zilizosogea kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, ndizo zilizolichonga Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Kazi hiyo haijaisha: bamba la Somalia bado linaachana na bamba la Nubia kwa milimita chache kila mwaka.

Baadhi ya nyufa hizo huonwa na kila msafiri. Anayesimama Iten, nchini Kenya, akalitazama Bonde la Kerio chini yake amesimama kwenye ukingo wa ufa, na gari linalopanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu hupanda ukuta wa ufa mwingine, juu ya Ziwa Manyara. Lakini nyingi hazionekani. Zimefunikwa na majivu ya volkano, mchanga wa mito, tope la maziwa ya kale, misitu na mashamba. Mtu anaweza kulima juu yake, kujenga juu yake na kuzikwa juu yake bila kujua kwamba mwamba ulio chini umekatika.

Kutoonekana hakuupunguzii ufa nguvu. Mwezi Desemba 2009 wakazi wa Karonga, kaskazini mwa Malawi, si mbali na mpaka wa Tanzania, walitikiswa na mfululizo wa matetemeko, moja likifikia ukubwa wa 6.0. Watu walikufa na maelfu wakakosa makazi. Ufa mkubwa unaofahamika katika eneo hilo ni ule wa Milima ya Livingstone, ng'ambo ya ziwa upande wa Tanzania. Uliosogea haukuwa huo. Ulikuwa ufa mdogo zaidi, uliojificha chini ya uwanda ambao watu walikuwa wameujaza nyumba, na haukuwa umechorwa kwenye ramani kabla ya siku hiyo.

Ili kuzipata nyufa kama hizo kabla hazijajitangaza zenyewe, wanajiolojia hutumia njia nyingi, na mojawapo ni kupima kutoka angani joto linalotolewa na uso wa ardhi. Picha za joto za setilaiti hazipenyi ardhini. Husoma ngozi ya nchi tu. Hata hivyo ngozi hiyo hubeba alama za kilicho chini yake, na anayejua kuzisoma huweza kuuona mstari wa ufa mahali ambapo jicho huona shamba tupu.

Mwanga usioonwa na macho

Mwaka 1800, mwanaastronomia William Herschel, akiwa Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo ukagawanyika katika rangi zake. Alipima joto la kila rangi, kisha akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo macho hayaoni mwanga wowote. Kipimajoto kilipanda. Mionzi hiyo iliyofichika baadaye iliitwa infraredi, yaani mionzi iliyo chini ya nyekundu.

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi. Jiko la mkaa lililokolea hutoa mionzi mingi kiasi kwamba sehemu yake huonekana kama wekundu wa makaa. Jiwe, mti, maji ya ziwa na mwili wa mtu pia hung'aa, ila kwa infraredi ambayo macho hayaioni. Kwa kitu chenye halijoto ya kawaida ya uso wa dunia, mng'ao huo huwa mkali zaidi kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 10 hivi. Kwa bahati njema, angahewa huwa na upenyo hapohapo: kati ya mikromita 8 na 14 mvuke wa maji na gesi nyingine huzuia mionzi kidogo, hivyo sehemu kubwa ya joto la ardhi huweza kufika kwenye setilaiti iliyo mamia ya kilomita juu.

Kiasi cha mionzi hupanda kwa kasi halijoto inapopanda. Kwa hiyo tofauti ya nyuzi moja au mbili kati ya vipande viwili vya ardhi huacha tofauti inayopimika, na kihisi kizuri huweza kuigundua. Kila pikseli ya picha ya joto ni namba ya mionzi iliyotoka kwenye kipande kimoja cha ardhi. Namba hizo zikipangwa kwa vivuli, sehemu zenye joto hupewa weupe na za baridi hupewa weusi, na hapo ramani ya joto hujitokeza.

Mchanga, jiwe na mtungi

Anayetembea pekupeku ufukweni saa nane mchana huunguzwa na mchanga mkavu. Akirudi alfajiri hukuta mchanga uleule umepoa kabisa, ilhali jiwe kubwa la pwani bado lina uvuguvugu wa jana. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa elimu yote ya picha za joto. Mchanga mkavu una hewa nyingi kati ya chembe zake, hivyo joto la jua haliwezi kuzama. Hubaki juu juu, likapanda haraka na kushuka haraka. Mwamba mgumu hulipokea joto, hulizamisha ndani na kuliachia polepole usiku kucha. Kiasi cha ukaidi huo wa kubadili halijoto huitwa inershia ya joto, na kila aina ya mwamba na udongo ina kiwango chake.

Ufa unapokata nchi, mara nyingi huleta ubavu kwa ubavu vitu viwili visivyofanana: upande mmoja lava ngumu, upande wa pili mchanga uliojaa kwenye sehemu iliyoshuka. Mchana pande hizo huweza kufanana. Kabla ya alfajiri, lava huwa bado na joto na mchanga umepoa, na mpaka kati yao hukatwa wazi kama uliopigwa rula. Asili hutengeneza mistari iliyonyooka mara chache, na ndiyo maana mstari mrefu ulionyooka kwenye picha ya joto humfanya mwanajiolojia asimame aangalie mara ya pili.

Alama ya pili huletwa na unyevu, na mfano wake umo jikoni. Maji ya mtungi hukaa baridi kwa sababu hupenya kidogo kwenye udongo wa mtungi, hufika nje na kukauka, na kila tone linalokauka huondoka na joto. Ardhi yenye unyevu hufanya vivyo hivyo: huonekana baridi kuliko ardhi kavu iliyo jirani, hasa mchana. Ufa una uhusiano wa karibu na maji. Mwamba uliovunjikavunjika hupitisha maji kwa urahisi, lakini ukisagika sana hugeuka ungaunga wa mfinyanzi usiopitisha kitu. Ufa mmoja huweza kuwa njia na ukuta kwa wakati mmoja: maji hupanda kando yake lakini hayauvuki. Upande yanakozuiliwa, maji ya ardhini husogea karibu na uso, udongo hupata unyevu, na miti hupata pa kunywea.

Mfano maarufu uko Marekani, katika Bonde la Coachella, jimbo la California. Huko ufa mkubwa wa San Andreas umezuia maji ya ardhini, na katikati ya jangwa kumeota mistari ya mitende inayoufuata. Ni katika jangwa la kusini mwa California pia ambako mwanajiolojia Floyd Sabins, kabla setilaiti za kazi hiyo hazijaanza kuruka, alitumia vihisi vya infraredi vilivyobebwa na ndege. Mwaka 1969 alichapisha matokeo yake na kuonyesha kuwa maumbo ya miamba ambayo picha za kawaida za angani hazikuyaonyesha vizuri hujitokeza kwenye picha za joto.

Alama ya tatu ni joto la chini lenyewe, nayo inahitaji maelezo kwa sababu wengi huielewa visivyo.

Maji ndiyo mchukuzi

Ni rahisi kudhani kuwa setilaiti huona moto wa tumbo la dunia ukipenya juu. Hesabu inakataa. Jua la mchana huweza kumwaga takriban wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Joto linalopanda kutoka ndani ya dunia ni, kwa wastani wa mabara, kama wati 0.065 tu kwa eneo hilohilo. Jua ni kubwa zaidi ya mara elfu kumi. Mwamba nao hupitisha joto polepole mno: wimbi la joto la siku moja hupungua sana baada ya sentimita 15 hivi. Kama joto la kina cha kilomita mbili lingetegemea kupenya mwamba pekee, lisingeonekana kamwe kwenye picha.

Kinachobadilisha mambo ni mchukuzi. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa, hushuka kilomita kadhaa, hupata joto kwenye miamba moto, kisha hupanda tena kwa kufuata njia iliyo wazi kuliko zote, ambayo mara nyingi ni ufa mwingine. Yakifika juu hutokea kama chemchemi ya maji moto, mvuke au udongo wenye uvuguvugu usio wa kawaida. Kwa hiyo doa la joto linapoonekana kwenye picha, linaonyesha kuwa kuna njia, na njia hiyo iko wazi. Madoa kadhaa yakijipanga kwenye mstari mmoja, mstari huo ndio ufa unaotafutwa.

Macho yaliyo angani

Setilaiti ya kwanza kubuniwa mahsusi kwa kazi ya kupima uwezo wa ardhi wa kushika joto ilirushwa na Marekani mwaka 1978. Ilipita mchana karibu na saa nane na usiku karibu na saa nane, nyakati ambazo ardhi huwa karibu na kilele cha joto na karibu na mwisho wa kupoa. Pikseli zake zilikuwa na upana wa mamia ya mita, lakini ilithibitisha kuwa kulinganisha mchana na usiku huwezesha aina za miamba kutofautishwa.

Setilaiti za Landsat zilifuata njia hiyo. Landsat 4, iliyorushwa mwaka 1982, ilikuwa na bendi ya joto yenye pikseli za mita 120. Landsat 7 ya mwaka 1999 iliteremka hadi mita 60. Landsat 8, iliyoanza safari mwaka 2013, na Landsat 9 ya mwaka 2021 zina bendi mbili za joto zenye pikseli za mita 100. Kila moja hurudi mahali palepale baada ya siku 16, na kwa kupishana kwao kila eneo hupigwa picha kila baada ya siku 8. Kasoro yao kwa kazi ya nyufa ni saa: hupita karibu na saa nne asubuhi, wakati jua limekwisha kupasha miteremko inayotazama mashariki na kuiacha kivulini ile inayotazama magharibi.

Kihisi cha ASTER, kilichotengenezwa Japani na kuwekwa kwenye setilaiti ya Terra ya Marekani iliyorushwa Desemba 1999, kilileta mambo mawili mapya. Kina bendi tano za joto zenye pikseli za mita 90, na huweza kupiga picha za usiku. Bendi tano zina maana kubwa, kwa sababu madini hayatoi mionzi kwa namna moja: mwamba wenye kwatzi nyingi huacha alama tofauti na basalti kwenye bendi hizo. Hivyo picha moja hueleza joto na pia aina ya mwamba. Mwaka 2018 kihisi kingine, ECOSTRESS, kilifungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Pikseli zake ni za mita 70 hivi, na kwa kuwa kituo hicho hupita mahali pamoja kwa saa zinazobadilikabadilika, picha za alfajiri hupatikana humo pia.

Picha hizi hazinunuliwi. Hazina ya Landsat ilifunguliwa bure kwa watu wote mwaka 2008, na ya ASTER mwaka 2016. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam au Nairobi mwenye kompyuta na intaneti hutumia data ileile inayotumiwa na watafiti wa nchi tajiri.

Mfano wa Magadi

Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya karibu na mpaka wa Tanzania, ni mahali pazuri pa kuona jinsi picha ya joto inavyosomwa. Bonde lake ni kavu, mimea yake haba, na mawingu huwa machache wakati wa kiangazi. Sakafu yake ni lava ya aina ya trakaiti iliyomwagika karibu miaka milioni moja iliyopita, kisha ikakatwa na nyufa nyingi zinazoelekea kaskazini na kusini. Nchi imebaki kama ngazi: tuta, bonde jembamba, tuta, bonde jembamba. Ziwa lenyewe limelala kwenye sehemu ya chini kabisa, na magadi yake huchimbwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Katika picha ya kabla ya alfajiri, matuta ya lava hubaki na weupe wa joto la jana, na mabonde yaliyojaa tope kavu huwa meusi. Nyufa zinazojulikana huonekana kama mipaka ya weupe na weusi. Hadi hapo hakuna jipya, kwa sababu matuta hayo huonekana hata kwa macho. Kazi huanza pale tuta linapozama chini ya tope la ziwa la kale. Msomaji huufuata mstari wake kwa makini akiuliza maswali matatu. Je, mpaka wa joto unaendelea mbele ya mahali tuta lilipoishia? Je, kuna doa jeupe kwenye mstari huohuo? Je, doa hilo limo pia kwenye picha ya mwezi mwingine na ya mwaka mwingine?

Magadi hutoa majibu ya kuridhisha kwa sababu kando ya ziwa, chini ya kuta za nyufa, kumejaa chemchemi za maji moto. Nyingi ni za vuguvugu. Zenye joto kali zaidi, za zaidi ya nyuzi 80, ziko kwenye ziwa dogo la Nasikie Engida upande wa kaskazini magharibi. Mpangilio wa chemchemi hizi unafuata nyufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima pia gesi ya kaboni dioksidi inayovuja kwenye udongo wa bonde la Magadi na Natron, ukaonyesha kuwa nyufa ndizo njia zake na kwamba gesi hiyo hutoka kina kirefu. Joto na gesi, vikipimwa kwa njia mbili tofauti, vinatoa ushahidi mmoja.

Mfano huohuo unaonyesha mahali picha inaposhindwa. Chemchemi ya nyuzi 85 yenye ukubwa wa mita moja ya mraba, ikiwa katikati ya ardhi ya nyuzi 25, inazidi ardhi hiyo kwa nyuzi 60. Lakini pikseli ya mita 100 kwa mita 100 ina mita za mraba 10,000. Nyuzi 60 zikigawanywa kwa 10,000 hubaki nyuzi 0.006, tofauti ambayo kihisi hakiioni. Chemchemi inayochemka imepotea ndani ya pikseli. Eneo la udongo wenye uvuguvugu la mita 30 kwa 30, lililozidi jirani zake kwa nyuzi 20 tu, huipandisha pikseli hiyo kwa karibu nyuzi 1.8, nalo huonekana. Setilaiti haitafuti moto mkali, hutafuta joto lililotandaa.

Kutoka picha hadi ramani

Picha mbichi haifai kuchorewa ramani moja kwa moja. Kwanza huondolewa athari ya angahewa, kwa sababu mvuke wa maji hula sehemu ya mionzi na kuongeza ya kwake. Kisha hurekebishwa tofauti ya vitu katika kutoa mionzi, maana mchanga na majani yenye halijoto moja hayang'ai sawasawa. Baadaye huzingatiwa mwinuko: hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja ya kupanda, hivyo kilele cha volkano ya Longonot, nchini Kenya, kitakuwa baridi kuliko mwambao wa Ziwa Naivasha hata kama hakuna ufa wowote kati yao. Mtafiti makini hutumia picha nyingi za kiangazi, hasa za usiku, na kuchukua wastani wake. Kilichobaki mahali pamoja katika picha ishirini kina uzito kuliko kilichotokea mara moja.

Baada ya hapo huja kazi ya kuchuja mistari ya uongo, ambayo ni mingi. Barabara ya lami hushika joto na huonekana kama ufa ulionyooka. Mpaka kati ya shamba lililolimwa na malisho huonekana hivyohivyo. Nyika iliyoungua hubadilika joto. Usiku hewa baridi hutiririka na kujaa mabondeni, ikatengeneza mistari myeusi isiyohusiana na mwamba. Kwa hiyo kila mstari hulinganishwa na ramani ya barabara, ya mashamba, ya mito na ya mwinuko, pamoja na ramani ya jiolojia iliyopo. Inayobaki ndiyo hupewa jina la mistari inayoshukiwa.

Neno kushukiwa ni la muhimu. Uthibitisho hupatikana kwa miguu. Mwanajiolojia hufika mahali penyewe na nyundo, dira na kipimajoto, akatafuta mwamba uliokwaruzwa kwa kusuguana, chemchemi, mstari wa miti au ngazi ndogo ya ardhi. Pale uso usipoonyesha kitu, huchimbwa mtaro unaoukata mstari ili kuona kama tabaka za udongo zimekatika. Upimaji wa umeme wa ardhini na vipimo vya matetemeko madogo huongeza macho ya kina. Wenyeji nao wana elimu ambayo haimo kwenye pikseli yoyote: mchungaji hujua ni wapi nyasi hukauka mwisho na ni wapi udongo una uvuguvugu asubuhi ya baridi.

Rada za setilaiti hukamilisha kazi hiyo. Picha ya joto huonyesha ilipo njia ya maji na mpaka wa miamba, rada hupima ardhi inavyopanda na kushuka. Kwa njia hiyo ilijulikana kuwa Longonot ilipanda kwa sentimita 9 hivi kati ya mwaka 2004 na 2006, bila watu wanaoishi chini yake kuhisi lolote. Julai 2007, chini ya mlima Gelai karibu na Ziwa Natron, magma ilijipenyeza kwenye miamba na kusogeza nyufa. Tetemeko kubwa zaidi lilikuwa la 5.9 na lilisikika hadi Nairobi, na Septemba mwaka huo volkano jirani ya Oldoinyo Lengai ikalipuka. Rada zilichora ardhi ilivyosogea. Ni pale vipimo hivi vinapowekwa kimoja juu ya kingine ndipo ufa hupata sura kamili.

Faida kwa umeme, maji na usalama

Faida ya kwanza ni jotoardhi. Kenya ilianza kuzalisha umeme wa mvuke Olkaria mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, na leo nishati hiyo hutoa karibu nusu ya umeme wa nchi. Kisima cha jotoardhi hushuka kilomita mbili au tatu na hugharimu mamilioni ya dola. Kikikosa mwamba uliovunjika, hakitoi mvuke hata kama joto lipo, kwa sababu hakuna njia ya maji. Kwa hiyo wachimbaji huulenga ufa. Picha za joto hupunguza eneo la kutafuta kabla rigi haijaletwa, na Tanzania inayo maeneo yanayofaa kazi hiyo, kama Ngozi mkoani Mbeya na chemchemi za Songwe.

Faida ya pili ni maji ya kunywa. Katika nchi ya mwamba mgumu, kisima kilichochimbwa kwenye mwamba mzima hubaki kikavu, na kilichochimbwa mita chache pembeni, kwenye mwamba uliopasuka, hutoa maji. Mstari wa baridi katikati ya nyika kavu ni mahali pa kuanzia utafutaji. Tahadhari inahitajika, kwani maji yanayopanda kwenye nyufa za Bonde la Ufa huweza kuwa na floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Lazima yapimwe kabla ya kunywewa.

Faida ya tatu ni usalama. Tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lenye ukubwa wa 6.9, lilipasua ardhi kwa makumi ya kilomita nchini Kenya. Wakati huo eneo hilo lilikuwa na watu wachache. Leo miji, reli, mabomba na nyaya za umeme hukatiza Bonde la Ufa. Kuujua ufa kabla ya kumwaga zege ni nafuu kuliko kuujua baadaye.

Mipaka yake

Picha za joto hazitabiri matetemeko. Zimekuwapo tafiti zilizodai kuona ardhi ikipata joto siku chache kabla ya tetemeko, lakini hakuna njia iliyothibitishwa ya kutumia dalili hizo kutoa onyo, na anayeahidi hivyo hapaswi kuaminiwa. Kinachopatikana ni ramani ya mahali, si kalenda ya siku.

Kina nacho ni kizuizi. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliua zaidi ya watu 15 na kubomoa maelfu ya nyumba. Chanzo chake kilikadiriwa kuwa karibu kilomita 40 chini. Ufa wa kina hicho hauachi alama yoyote ya joto juu ya ardhi. Misitu minene, mawingu ya masika na mashamba ya umwagiliaji hufunika pia alama za nyufa zilizo karibu. Mbinu hii hufaa zaidi kwenye nchi kavu na ya wazi, kama Magadi, Natron, Turkana na Afar, kuliko kwenye vilima vya kijani vya Rwanda au Burundi.

Vilevile si kila mpasuko unaoonekana ni ufa. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, korongo refu lilikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na picha zake zikaenea duniani kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengi walieleza kuwa maji ya mvua yalikuwa yamechimba majivu laini ya volkano hadi yakaporomoka. Hofu ilienea kwa sababu wananchi hawakuwa na ramani ya kuwaonyesha nyufa halisi ziko wapi.

Ramani hiyo inaweza kuchorwa. Picha zipo na ni za bure, wataalamu wa kuzisoma wanafundishwa katika vyuo vya Afrika Mashariki, na Kituo cha Kikanda cha Uchoraji wa Ramani za Rasilimali kwa Maendeleo kimekuwapo Nairobi tangu mwaka 1975. Mistari inayoshukiwa ikishathibitishwa kwa miguu, isiishie kwenye majarida ya kisayansi. Ifike kwenye ofisi za ardhi za wilaya na kaunti, ikiwa imeandikwa kwa lugha ambayo diwani, fundi na mwenye shamba wanaielewa, na ifike kabla ya viwanja kugawiwa.